Chama changu kinamtisha mdogo wangu. Nitoke?

Shangazi, assalaam aleikum.

Mimi ni mwanamke wa Amu, mji wa Lamu, nimeolewa, nina watoto, na riziki yangu ni mikate ya mofa na viazi vya karai ninavyouza njia ya pwani. Tangu uchaguzi wa 2013, ule wa kwanza wa kaunti, nimekuwa mtu wa chama kimoja. Sitakitaja. Nimekaa kituoni kama wakala mpaka fomu ya matokeo ikabandikwa mlangoni. Nimepanda boti na akina mama wenzangu kwenda Faza na Kizingitini kuomba kura, nauli tumejilipia. Leo mimi ni katibu wa akina mama katika wadi yetu. Kazi hii haina mshahara, lakini kupitia kwayo nimewasaidia watoto wa watu kupata basari, na wazee kadhaa wamepata vitambulisho walivyokuwa wamekata tamaa navyo. Siioni kama mchezo.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumbo moja ziwa moja. Ni fundi wa mashua. Mama yetu alipofariki, mdogo wangu huyu aliniambia jambo ambalo moyo wangu ulikuwa umelijua tangu yungali mtoto: hapendi wanawake, na hatawapenda. Nililia sana siku ile, ila sikumfukuza wala sikumtangaza. Katika ukoo mzima ni mimi tu ninayejua, na mume wangu. Anaswali, anafanya kazi yake, na wanangu wanamwita mjomba. Hajamkosea mtu.

Hivi karibuni chama kilifanya mkutano wa hadhara pale Mkunguni, mbele ya Ngome. Anayetaka tikiti ya uwakilishi wadi, kijana ambaye nimezunguka naye nyumba hadi nyumba kumtambulisha, alianza na maji na hati za mashamba. Alipoona watu wametulia mno akaingia kwenye habari ya mashoga. Akasema wamo humu mjini, nyumba zao zinajulikana, na akipata kiti atahakikisha zimesafishwa. Pakalipuka makofi. Mimi nilikuwa mbele, mfuko wa fulana za chama mkononi.

Usiku ule ule video ikazunguka kwenye WhatsApp. Alfajiri mdogo wangu alikuja kwangu kabla hajaenda kazini. Hakukaa. Aliniambia, "Dada, huyu wewe ndiye uliyemtafutia watu." Kisha akasema Agosti 2027 yeye hapigi kura, si ya wadi, si ya rais, na kama mimi ni dada yake niirudishe kadi ya chama. Amezoea kuniletea kwenye simu video za Uingereza na Marekani, vyama vikubwa vinaandamana na watu kama yeye, viongozi wameshika bendera za rangi rangi, na huniuliza kwa nini sisi hatuna hata kimoja.

Mume wangu ananiambia ninyamaze. Anasema hata nikisema nini, sheria iko upande wa yule mgombea. Na juzi mzee mmoja wa chama, mtu mzito, alinisimamisha sokoni, akanisalimu vizuri, akauliza kwa tabasamu: "Nduguyo yule fundi bado hajaoa tu?" Tangu hapo usingizi sina.

Nitoke? Au nibaki nipigane humo humo ndani? Kuna chama chochote katika nchi hii kitakachomsimamia mdogo wangu? Na yeye, kuikata kura yake, anafanya sawa?

Dada mtu, Amu

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nitaanza na yule mzee wa sokoni, maana hilo halingoji. Huenda aliuliza kama wazee waulizavyo, huenda alikuwa anapima kina. Jibu lako liwe moja kwa yote mawili: "Mzee, kazi ya chama tuizungumze kwenye chama, mambo ya nyumbani tuyaache nyumbani." Ulitamke kwa adabu na uendelee na safari yako. Usiongeze kwamba ana mchumba Mombasa, usiseme anatafutiwa. Uongo wa aina hiyo huzaa maswali, na siku ukibainika atakayeulizwa ni yeye.

Na kuanzia leo, popote utakapoinua sauti juu ya jambo hili, jina la mdogo wako lisiwemo. Wala fununu yake. Usiseme "nina mtu wangu wa karibu." Amu ni mji wa vichochoro, nusu sentensi hufika Langoni kabla wewe hujafika kwako. Utakayoyasema yawe ya mwanachama, ya katibu, ya mwanamke wa mji huu asiyetaka nyumba za watu zivamiwe. Hayo yanatosha, na kila moja ni kweli. Hata barua hii yako kwangu, ukishaisoma mahali hapa, ifute kwenye simu yako.

Sasa mume wako. Amesema sheria iko upande wa mgombea. Simlaumu, wengi wanaamini hivyo. Lakini si kweli, na ni muhimu ujue ni wapi hasa si kweli.

Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 162, inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile inachokiita kujamiiana kinyume cha maumbile, na cha 165 hadi miaka 5 kwa wanaume kutendeana mambo ya aibu. Vifungu hivi waliviacha Waingereza, kwa mfano ule ule walioutumia India tangu 1860. Mahakama ya Juu ya India ilikiondoa cha kwao mwaka 2018 kwa watu wazima waliokubaliana. Hapa kwetu, tarehe 24 Mei 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuviondoa. Kwa hiyo vipo. Sitakudanganya kwamba havipo.

Ila vinaadhibu kitendo kilichothibitishwa mahakamani. Haviadhibu mtu kwa kuwa alivyo, havimpi mwanasiasa ruhusa ya kuhesabu nyumba, na havimpi kijana wa mtaani ruhusa ya kuvunja mlango. Ushahidi wenyewe una mipaka. Mwaka 2015 vijana wawili walikamatwa huku huku Pwani, Ukunda, wakalazimishwa kupimwa miili yao kwa namna ya kuwadhalilisha. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufaa, nayo ikikaa Mombasa, Machi 2018, ikasema vipimo vile vilivunja Katiba. Kisha ikaja ile ya Mahakama ya Juu, tarehe 24 Februari 2023. Kulikuwa na shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja lililokataliwa usajili kwa sababu ya jina lake. Majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba kulikataa kulikuwa ubaguzi, na kwamba Ibara ya 27 ya Katiba, inapokataza mtu kubaguliwa kwa jinsia yake, inamlinda pia mtu ambaye mapenzi yake ni ya namna hiyo. Hawakuvifuta vile vifungu vya adhabu. Walichosema ni kwamba mtu huyu bado ni raia, na uraia wake haukatwi vipande.

Nimekueleza haya kwa urefu kwa sababu yanajibu swali lako la chama.

Hakuna. Hakuna chama kikubwa Kenya leo kinachosimama hadharani na mdogo wako, na usimwahidi kwamba kipo. Angalia uamuzi ule wa 2023 ulivyopokelewa. Rais Ruto aliukosoa. Mbunge wa Homa Bay Town, George Kaluma, wa ODM, chama cha upinzani wakati huo, akaandaa mswada wa kuongeza adhabu, na akarudi mahakamani kuomba uamuzi ubadilishwe, akashindwa Septemba 2023. Mbunge wa Nyali, Mohamed Ali, wa UDA, chama cha Rais, akapeleka hoja bungeni ya kuzuia machapisho yanayozungumzia mambo hayo. Wakati huo ODM na UDA hawakuwa wakikubaliana hata juu ya nani alishinda urais. Kwa hili walikaa jamvi moja. Uhuru Kenyatta naye, Obama alipokuja Nairobi Julai 2015, alisema kwa Wakenya hilo si jambo la kushughulika nalo. Kwa hiyo mtu akikuambia uhame chama hiki uende kile kwa ajili ya mdogo wako, muulize akuonyeshe mstari katika manifesto. Kila hatua aliyopata mtu kama yeye katika nchi hii imetoka kwenye Katiba ya 2010 na kwa majaji. Nyinyi watu wa Lamu hamhitaji kufundishwa hilo. Wavuvi walioharibiwa bahari yao na ujenzi wa bandari iliamuriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018, na leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilifutwa Juni 2019. Fidia iliamuliwa na Mahakama Kuu, leseni ikafutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira. Si ahadi za jukwaani zilizofanya hivyo.

Na zile video za ng'ambo, mwambie azitazame pamoja na tarehe zake. Chama cha Labour na cha Conservative kule Uingereza havikuzaliwa na bendera zile mkononi. Mwaka 1988, serikali ya Conservative chini ya Margaret Thatcher ilipitisha sheria ya kuzizuia halmashauri na shule zao kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la kawaida. Miaka 25 baadaye, 2013, waziri mkuu wa chama kile kile, David Cameron, akapeleka bungeni sheria ya ndoa za jinsia moja, na wabunge wake mwenyewe waliosema hapana walikuwa wengi kuliko waliosema ndiyo. Marekani, Bill Clinton wa Democratic, chama ambacho wengi wa watu kama mdogo wako hukipigia kura, ndiye aliyetia sahihi sheria ya 1996 iliyoizuia serikali kuu kuzitambua ndoa hizo. Obama aliomba kura 2008 akisema ndoa ni ya mume na mke, akabadilika Mei 2012. Nao wako watu kama yeye waliobaki katika chama cha Republican miaka hiyo yote, wakitukanwa na pande zote mbili, wakisema kodi na biashara pia ni mambo yao.

Simwambii mdogo wako asubiri miaka 25. Wala sisemi Amu iige London, ndoa si ombi lake na hujaniandikia habari ya ndoa. Ninachotaka akione ni kwamba vyama vile vilisukumwa. Vilisukumwa na watu waliokuwa ndani, mara nyingi dada, mama na rafiki.

Karibu yetu zaidi kuna Simon Nkoli wa Afrika Kusini. Alikuwa kijana mwanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi, akakamatwa 1984, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake katika kesi ya Delmas, miongoni mwao Mosiuoa Lekota na Popo Molefe. Akiwa gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye hupenda wanaume. Baadhi hawakutaka hata kushtakiwa naye kesi moja. Palikuwa na mabishano makali. Lakini walikuwa wamefungwa pamoja, na mwisho walikubali kwamba anayekabiliwa na hukumu ile ile ya kifo haambiwi hadhi yake ni pungufu. Aliachiliwa 1988. Nchi ilipoandika Katiba yake mpya, ile ya 1996, ikawa ya kwanza duniani kukataza kwa maandishi mtu kubaguliwa kwa sababu ya mapenzi ya jinsia yake. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, lakini waliokuwa gerezani na Nkoli hawakuweza tena kusema hawajawahi kumjua mtu kama huyo.

Usichukue kisa hiki ukampelekea mdogo wako kama mzigo. Nkoli alichagua mwenyewe kusema. Mdogo wako amechagua kusema na wewe tu, na hilo ni haki yake mpaka kufa. Mwenye kadi ya chama ni wewe. Mwenye cheo ni wewe. Miaka yote hii ya kusafiri kwa boti na kukesha vituoni imekuwekea heshima ndani ya kile chama, na sasa ndipo pa kuitumia. Nasema hivi nikijua itakugharimu.

Kwa hiyo, usitoke leo. Ukitoka leo, watapiga makofi tena na nafasi yako ataipata mtu atakayezibeba fulana bila kuumia. Lakini kubaki kwako kuwe na sharti, na sharti liwe limeandikwa.

Andika barua kwa mwenyekiti wa wadi, nakala kwa ofisi ya chama ya kaunti. Fupi. Taja tarehe, mahali, na maneno yenyewe kuhusu nyumba kujulikana na kusafishwa. Usiingie katika mjadala wa ushoga ni halali au haramu, wakikuingiza humo wamekushinda. Shikilia nyumba. Ibara ya 91 ya Katiba inakataza chama cha siasa kuhimiza fujo au vitisho dhidi ya wanachama wake, wafuasi wake, wapinzani wake, "au mtu mwingine yeyote". Mtu mwingine yeyote, mwanangu. Haikubakisha mtu. Omba mambo mawili tu: mgombea aliondoe lile neno la nyumba hadharani kama alivyolitoa, na chama kiwaagize wote wanaotaka tikiti wasitaje nyumba wala majina ya wakaazi majukwaani. Weka nakala, na mtu wa ofisi atie sahihi na tarehe ya kupokea. Sababu ya utaratibu huu ni kwamba mwanachama mwenye mgogoro na chama chake anaweza kufika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, lakini jopo litataka kwanza kuona ulijaribu kuumaliza ndani. Karatasi yenye sahihi ndiyo itakayokusemea.

Ile video ihifadhi mahali pamoja na tarehe, usimtumie mtu. Kila anayeisambaza, hata kwa kuilaani, anaipeleka kwenye simu nyingine. Na kama neno litageuka kuwa kitendo, mlango umegongwa, mawe yamerushwa, basi habari ipelekwe kituo cha polisi na jirani au mwenye nyumba, upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na mapema mtafute wakili kupitia mashirika ya haki za binadamu yaliyoko Mombasa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo ina ofisi huko. Mdogo wako asiende polisi peke yake. Sipendi kuandika sentensi hiyo lakini naiandika.

Katika kikao watakuja na dini. Mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa hapa, wala wewe usitoe. Najua msimamo wa masheikh wa Amu, unaujua na wewe. Lakini dini hiyo hiyo ina neno juu ya alichosema mgombea. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Surat An-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba isiyo yako mpaka uombe ruhusa na uwatolee salamu wenyewe. Mtu anayesema nyumba zinajulikana, amezijuaje? Liulize swali hilo kwa upole mbele ya wazee, kisha unyamaze uwaache walijibu. Wapo wazee katika vyama vyetu wanaomwogopa Mungu kuliko wanavyomwogopa mgombea, na ukiwapa mahali pa kusimama watasimama.

Mpaka upate jibu, usimnadi mtu huyo. Fulana zake abebe mwingine. Na kama kura za mchujo zitapita, wakampa tikiti bila ya neno lake kuondolewa, hapo ndipo pa kutoka. Andika barua ya kujiuzulu kwa chama, kisha uhakikishe kwenye mfumo wa Msajili wa Vyama, kupitia eCitizen, kwamba jina lako limeondoka kweli. Ukiwa huko, mwambie na mdogo wako akague lake. Wakenya wengi waliwahi kujikuta wameandikishwa vyama wasivyovijua.

Kuhusu kura yake, kukaa nyumbani ni haki yake na usimlazimishe. Hasira yake ina msingi. Lakini mwambie jambo moja kisha umwache alifikirie: mgombea yule hataiona hasira hiyo. Asiyepiga kura na aliyelala siku nzima huhesabiwa sawa. Lamu ni kaunti yenye watu wachache kuliko zote nchini, watu 143,920 kwa sensa ya 2019, na nyote mnakumbuka ugavana wa 2017 baina ya Fahim Twaha na Issa Timamy ulivyoamuliwa kwa kura chache mno mpaka ukafika mahakamani. Kama hilo lilitokea kwa kaunti nzima, piga hesabu ya wadi.

Tena siku hiyo atapewa karatasi sita. Anaweza kumnyima mwakilishi wadi wenu kura yake na bado akachagua gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na rais. Yeye ni fundi wa mashua. Ana haja na bei ya mbao, na fidia ya wavuvi ambao mashua zao ndizo zinazomlisha, na zahanati yenye dawa. Hayo nayo ni yake, asiyaache mikononi mwa watu wanaomchukia. Na ndani ya kibanda cha kupigia kura hakuna mzee wa sokoni. Ibara ya 38 inampa kura ya siri. Asimwonyeshe mtu karatasi yake, asiipige picha kwa ahadi ya mtu yeyote, na wewe dada yake usimuulize amempa nani.

Jambo la mwisho ni lile alilokuambia alfajiri, kwamba wewe ndiye uliyemtafutia yule watu. Usimjibu kwa kukitetea chama. Mpelekee ile barua kabla hujaifikisha ofisini, aisome yeye kwanza. Kama kuna neno ndani yake linalomtia hofu, hata moja, lifute hata kama barua itadhoofika. Akikuambia usiipeleke kabisa, usiipeleke. Tutatafuta njia nyingine.

Kikao kikishafanyika niandikie tena. Kama wameikataa barua, nitajie tarehe na cheo cha aliyeikataa, si jina lake, nikuandikie hatua za kwenda kwenye jopo.

Shangazi yako